Sauti Inafika, Neno Linapotea

Mzee anayeongea vizuri na mtu mmoja jikoni, kisha akatoka kwenye mkutano wa chama bila kujua kilichoamuliwa, hajifanyi. Wala si kweli kwamba anasikia anachotaka tu, kama wajukuu wanavyopenda kumsema. Sauti zinamfikia. Kinachomshinda ni kulitoa neno katikati ya kelele. Hayo ni matatizo mawili, na anayeyachanganya hukimbilia tiba isiyofaa: hupaza sauti, mzee akakunja uso, na neno likapotea vile vile.

Ushauri wa makala haya ni mfupi. Kabla ya kupaza sauti, ondoa kelele. Ukishindwa kuiondoa, msogeze mzee. Ukishindwa kumsogeza, sogea wewe. Yanayofuata ni namna ya kulitekeleza hilo katika mji kama Keringet, kaunti ya Nakuru, ambako mvua hupiga mabati, pikipiki hungurumia mlangoni pa duka, na spika ya hoteli hii hushindana na ya hoteli ile.

Kwa nini kelele humshinda mzee

Ndani kabisa ya sikio mna kimfereji kilichojikunja, na humo mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya kwenda ubongoni. Kwa binadamu, zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa, kwa uzee na kwa kelele za miaka mingi, ni zile zinazopokea sauti nyembamba.

Katika maneno tunayosema, irabu zina nguvu na uzito. Konsonanti kama s, f, sh, t na k ni nyembamba na hupita upesi. Basi mzee hubaki na irabu, na konsonanti akazibahatisha. Kwa Kiswahili hapo pana gharama. Sitini na tisini zina irabu zile zile. Kilichobadilishana nafasi ni s na t. Atalipa na hatalipa vinatenganishwa na h, ambayo ni pumzi tu. Jumatatu na Jumatano hazijapishana ila mwishoni, mahali ambapo msemaji hushusha sauti. Mtu anayekosea hapo hajapungukiwa akili. Amepewa nusu ya neno akaambiwa alijaze.

Penye utulivu hulijaza vizuri, kwa kuwa anaijua lugha na anamjua anayesema naye. Kelele ikiingia hesabu hubadilika. Mngurumo wa lori au wa mashine ya kusaga ni sauti nzito, na sauti nzito ina tabia ya kuzifunika zile nyembamba. Kile kidogo alichokuwa akikitegemea kinazama.

Kazi inayobaki ni ya ubongo, nayo inafanana na kuchambua maharagwe: punje zinamwagika pamoja na mawe, na mikono inatakiwa kwenda kasi kuliko zinavyomwagika. Ubongo hutumia masikio yote mawili kupima sauti imetoka upande gani. Sauti iliyotoka kulia hufika sikio la kulia mapema kuliko la kushoto kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na tofauti hiyo ndogo ndiyo humwezesha mtu kumfuata msemaji mmoja kati ya wengi. Umri hupunguza ukali wa kipimo hicho na kasi ya kuchambua. Mzee akiwa bado analitatua neno la kwanza, matatu mengine yameshapita. Ndiyo maana hutoka kwenye sherehe amechoka kuliko aliyeshinda shambani.

Mwanasayansi Colin Cherry wa Uingereza alilichunguza jambo hili mwaka 1953 kwa kuwasikilizisha watu sauti mbili kwa wakati mmoja, aone wanavyoifuata moja na kuiacha nyingine. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, Sharon Kujawa na Charles Liberman, walionyesha kwa panya kwamba kelele kali inaweza kukata viungo kati ya seli za sikio na neva, hata kama kipimo cha kawaida cha kusikia kimerudi kuwa kizuri. Kwa binadamu jambo hilo bado linachunguzwa, lakini lina funzo la kutumia leo. Ukienda kupimwa kwenye chumba kimya ukaambiwa masikio yako ni mazuri, usiishie hapo. Sema wazi: “Nikiwa mahali penye kimya nasikia, nikiwa kwenye watu wengi sielewi.” Uliza kama kuna kipimo cha kusikiliza maneno ndani ya kelele.

Wala si jambo la wachache. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilihesabu zaidi ya watu bilioni 1.5 wenye upungufu wa kusikia wa kiasi fulani. Kati ya waliopita miaka 60, zaidi ya robo wana upungufu unaowazuia katika maisha ya kila siku.

Kwanza hakikisha si jambo lingine

Umri husingiziwa mengi. Nta iliyoziba sikio humfanya mtu aonekane amezeeka ghafla, na kuitoa ni kazi ya dakika chache kwa mhudumu wa afya. Usiitafute kwa njiti ya kiberiti, ufunguo wala unyoya wa kuku; unaisukuma ndani na unaweza kutoboa ngoma ya sikio. Sikio linalotoa usaha linahitaji matibabu, na mafuta ya kupikia si matibabu.

Dawa nazo zina historia yake. Sindano za streptomaisini walizochomwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu zamani, jentamaisini, na kwinini kwa dozi kubwa zinaweza kudhuru usikivu. Mweleze daktari dawa ulizowahi kutumia na unazotumia sasa, lakini usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Mtajie pia sukari, presha na sigara, kwa maana vyote hugusa mishipa midogo inayolisha sikio.

Zipo dalili zisizongoja. Kusikia kukipotea ghafla, kwa saa chache au siku moja mbili, hasa upande mmoja, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tiba ina nafasi nzuri zaidi ikianza mapema. Vivyo hivyo kizunguzungu kikali kilichokuja pamoja na uziwi, au mlio wa sikio moja tu usiokoma.

Kwa mkazi wa Keringet, njia ya kawaida ni kuanza kituo cha afya kilicho karibu au hospitali za kaunti ndogo za Olenguruone na Molo, kisha kuomba barua ya rufaa kwenda hospitali kuu ya kaunti mjini Nakuru, ambayo wengi bado wanaiita PGH. Omba kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Nenda na mtu wa nyumbani. Foleni na vyumba vya hospitali vina kelele zake, na maelezo ya daktari yasiposikika safari imekwenda bure. Kabla ya kupanda gari, uliza kwa simu kliniki hiyo ni siku gani, na kama bima yako ya afya ya SHA inalipia kipimo unachokifuata.

Namna ya kusema naye

Anza kwa kumwita, ungoje akuangalie. “Baba,” kisha kimya kidogo, kisha maneno yako. Ukianza kusema kabla hajageuka, maneno matatu ya kwanza yamepotea, na mara nyingi hayo ndiyo yanayobeba habari.

Simama mbele yake, mwanga ukiangukia uso wako. Ukisimama mlangoni na jua nyuma yako, haoni midomo, na kila mtu mwenye usikivu hafifu husoma midomo hata kama hajui kwamba anaisoma. Usiseme huku umeinamia simu, unatafuna, au umejifunika leso kwa baridi.

Sogea. Umbali kati yenu ukipungua nusu, mahali pa wazi, sauti yako humfikia ikiwa na takriban desibeli 6 zaidi, na kelele inayowazunguka haijaongezeka hata chembe. Hakuna kupaza sauti kunakokupa faida hiyo kwa bei nafuu namna hiyo. Hatua moja kutoka kwake inatosha.

Usipige kelele. Sikio lililochakaa halisikii sauti ndogo, ila sauti kubwa huliumiza mapema kuliko sikio la kijana. Ndiyo sababu mzee husema “Ongea, sikusikii,” na ukiongea kwa nguvu akasema “Mbona unanifokea?” Yote mawili ni kweli. Tena kelele hukuza irabu, ambazo alikuwa akizisikia tayari, na kuziharibu konsonanti alizozikosa. Sema kwa sauti ya kawaida iliyo imara, polepole kidogo, ukipumzika mwisho wa kila wazo. Usikate neno silabi kwa silabi. Umbo lake linavurugika.

Taja mada kwanza. “Nyanya, ni habari ya ng’ombe,” kisha eleza. Akishajua mnazungumzia ng’ombe, ubongo wake umepunguziwa mzigo wa kukisia. Mkibadilisha mada, mwambie mmebadilisha.

Asipoelewa, usirudie sentensi ile ile mara tatu. Igeuze. Kama “Daktari wa mifugo atakuja Jumatano” haikumfika, sema “Keshokutwa, Jumatano, yule wa kuchanja ng’ombe anakuja hapa.” Na neno moja liondolewe kabisa nyumbani: “Achana nayo, si kitu.” Linamwambia mzee kwamba hastahili kurudiwa. Akilisikia mara nyingi huacha kuuliza, na akiacha kuuliza huacha kukaa na watu.

Nyumbani

Keringet ni nchi ya juu, yenye baridi na mvua nyingi, na nyumba nyingi ni za mabati yasiyo na dari. Mvua ikishika, hata vijana hufokeana. Mambo ya uzito, kama karo, shamba au mgonjwa, yasemwe asubuhi au kabla mawingu hayajashuka. Fedha zikipatikana, dari ya mbao au hata ya gunia juu ya chumba kimoja, kile anachokaa mzee jioni, huleta nafuu kubwa. Pazia nzito, viti vya kitambaa na mkeka sakafuni hupunguza mwangwi wa saruji, na mwangwi ni kelele ya sauti yako mwenyewe.

Redio au runinga izimwe wakati wa kuongea. Kupunguza sauti hakutoshi, kwa maana mtangazaji naye anasema maneno, na maneno ya mtu mwingine ndiyo kelele ngumu kuliko zote: ubongo unajaribu kuyaelewa pia. Siku Faith Kipyegon, binti wa huku huku Keringet, akiwa mbioni, jambo hilo huonekana wazi. Mtangazaji anapasua sauti, uwanja unavuma, sebule nzima inashangilia, na babu anauliza amekimbia dakika ngapi. Mtu mmoja amwonyeshe kwa vidole au amwandikie: 3:48.68, rekodi ya dunia ya mita 1,500 ya Julai 2025. Naye ana haki ya kushangilia akijua anashangilia nini.

Mezani, mkalishe mgongo wake ukielekea ukuta, mbali na jiko na mlango, ili kelele isimjie kutoka pande zote. Kama sikio moja ni bora, lielekezwe kwa watu.

Sokoni, stendi na kituo cha chai

Bei haifai kuachiwa sikio peke yake. Kwenye gunia la viazi, piga namba kwenye simu na umwonyeshe mnunuzi, au mwombe aiandike. Hakuna aibu, hata wenye masikio mazima hufanya hivyo wasidanganywe. Kwenye kituo cha majani chai, soma kilo kwenye mizani kwa macho yako na uichukue risiti kabla hujaondoka. Ukipewa taarifa ya bonasi au ya siku ya kuchuma, irudie: “Umesema saa nne asubuhi, siyo saa nane?”

Mkikutana barabarani, msalimiane hapo, kisha mvutane kando. Hatua ishirini kutoka kwenye stendi, nyuma ya ukuta wa duka, mazungumzo yanakuwa mengine. Ndani ya matatu, mzee apewe kiti cha mbele, na habari ndefu zingoje mfike.

Kanisani, kwenye sherehe na barazani

Hapa ndipo wazee wengi hupotezwa, na hapa ndipo wenye mamlaka wanaweza kusaidia kwa gharama ndogo sana. Wazo kwamba spika kubwa huwasaidia wasiosikia si sahihi. Chini ya mabati, juu ya sakafu ya saruji, sauti kubwa hugonga kuta ikarudi juu ya neno linalofuata. Afadhali spika ndogo mbili zilizo karibu na watu kuliko moja kubwa inayofokea ukuta wa nyuma. Kinanda kinyamaze kabisa matangazo yanaposomwa. Msomaji asimame mahali anapoonekana uso, na kipaza sauti kisimfunike midomo. Matangazo yabandikwe ukutani au yatumwe kwa ujumbe wa maandishi.

Mzee achague kiti cha mbele upande wa msemaji, lakini kisiwe chini ya spika. Kwenye koito (sherehe ya uchumba), harusi au matanga, meza ya wazee iwekwe mbali na jenereta na mpiga muziki. Wazee wameitwa ili washauriane. Wakikalishwa kwenye mngurumo, wamealikwa kula tu.

Katika baraza la chifu au mkutano wa chama, mwenyekiti ana kazi tatu: aseme mtu mmoja kwa wakati mmoja, swali lililotoka nyuma lirudiwe mbele kabla halijajibiwa, na uamuzi usomwe mwishoni polepole, pamoja na tarehe na kiasi cha pesa. Mzee anaweza pia kuja na mjukuu wa kukaa kando yake amnong’oneze yaliyompita. Ila mjukuu huyo asijibu kwa niaba yake. Aliyeulizwa ni mzee, na mwenye kura ni mzee.

Simu na pesa

Simu huondoa uso na midomo, na hivyo humnyima mzee nusu ya msaada wake. Mpigie akiwa ndani, si sokoni. Aisikilize kwa sikio lililo bora, au kwa visikizi vya masikio yote mawili kama simu inaviruhusu. Mambo ya namba yatumwe kwa maandishi.

Kwa M-Pesa, kanuni iwe moja: hakuna kutuma pesa wala kutaja namba ya siri kwa sababu ya maneno yaliyosikika kwenye simu. Matapeli hupenda mzee aliye mahali penye kelele, kwa kuwa ataitikia “ndiyo” asiyoielewa. Asome jina na kiasi kwenye kioo kwanza. Akiona haya kuuliza, akate simu, ampigie mwanawe.

Vifaa vya kusikia

Kifaa cha kusikia kilichochaguliwa na mtaalamu husaidia sana, lakini hakirudishi sikio la ujana. Humsaidia mtu zaidi penye watu wachache kuliko kwenye umati. Vilivyo vizuri vina vipokezi vya sauti vinavyoelekea mbele na kupunguza ya nyuma, kwa hiyo mvaaji amtazame anayesema naye. Kama upungufu uko pande zote mbili, viwili ni bora kuliko kimoja, kwa sababu ile ile ya ubongo kutumia masikio yote kutafuta upande.

Jihadhari na vikuza sauti vya bei rahisi vinavyouzwa mkononi bila kipimo. Vinakuza kila kitu sawasawa, pikipiki pamoja na mke wako, na vikizidi huumiza.

Aliyepewa kifaa asikihukumu siku ya kwanza. Ubongo uliokaa miaka bila sauti nyembamba utashtushwa na sufuria na karatasi. Akianze nyumbani penye utulivu, saa chache kwa siku, kisha aongeze. Umati uje mwisho. Kikimuuma au kikipiga mluzi, arudi kikarekebishwe badala ya kukifungia kabatini. Katika unyevu wa huku, kikaushwe kwa kitambaa kila usiku na kuhifadhiwa kwenye kikopo chenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kabla ya kununua, uliza betri zake zinapatikana wapi. Kifaa ambacho betri zake hazipatikani Nakuru hakitadumu sikioni.

Gharama ni kubwa kwa familia nyingi, lakini kunyamaza nako kuna gharama. Jopo la jarida la Lancet, mwaka 2024, liliutaja upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau na ambayo yanaweza kurekebishwa. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2023, la watu 977 wa miaka 70 hadi 84, halikuona faida ya vifaa kwa akili ya washiriki wote kwa jumla katika miaka 3. Hata hivyo, kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi, kuzorota kwa akili kulipungua kwa karibu nusu. Hiyo si ahadi, bali ni sababu ya kutosha ya kutochelewa kupimwa.

Kwako wewe mzee, na kwa watakaozeeka

Usiitikie kwa kichwa usichokielewa. Kila “ndiyo” ya uongo huwafundisha watu kwamba umesikia. Sema unachotaka kifanyike: “Nielekee uso,” “Njoo upande huu,” “Zima hiyo kwanza.” Neno “sisikii” peke yake humfanya mwenzako apaze sauti, maelekezo humfanya asogee. Rudia ulichokishika, ili akujazie kilichobaki tu. Na ukiwa na sherehe ndefu, toka nje upumzishe kichwa dakika chache kabla hujachoka.

Vijana nao wajue kwamba sikio la miaka 70 hutengenezwa wakiwa na 20. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda salama hupungua nusu. Msumeno wa mashine, ile pawa so ya kupasulia mbao, huvuka desibeli 100, na kwa desibeli 100 muda huo umebaki dakika 15. Mwenye pawa so, mwenye mashine ya kusaga, dereva wa trekta na fundi wa mitambo ya kanisa wavae vizibo vya masikio. Pamba kavu haizuii kitu cha maana.

Kazi ya wiki hii basi si kubwa. Familia ichague chumba kimoja na saa moja ya siku ambapo hakuna redio wala runinga, na mzee aulizwe maoni yake juu ya jambo la nyumbani. Katibu wa chama aanze kusoma maamuzi mwishoni mwa kikao. Mzee wa kanisa asogeze spika. Na anayeona maneno yanampotea kwenye umati aombe barua ya rufaa sasa, wakati bado anaweza kumweleza daktari mwenyewe ni wapi hasa neno linapompotea.